Jumatano ya Bamvua: Kisa cha Somo la Takwimu na Wakulima wa Mwani Pemba

Tulifika saa tatu asubuhi. Wanafunzi 26 wa mwaka wa pili, gari ya chuo, madodoso ya kurasa nne yaliyopigwa chapa, kalamu mpya na katoni tatu za maji ya kunywa. Kwenye barza ya ghala la ushirika hapakuwa na mtu ila mzee mmoja anasuka kamba, na watoto wawili ambao hawajafika umri wa skuli. Nilimwamkia mzee, nikamuuliza wenyewe wako wapi. Akaonesha mashariki kwa kidevu, mikono haikuacha kamba.

"Wa pwani, mwanangu. Bamvua hili."

Bamvua ni siku za maji makubwa, bahari inapokupwa mbali kuliko siku nyengine. Kutoka pale barzani uliweza kuwaona, mbali kabisa, wameinama, maji magotini. Tulisubiri mpaka adhuhuri. Waliporudi, viroba vya mwani mbichi kichwani, nguo zimeganda chumvi, watoto wana njaa na sala inawasubiri, nikasimama mbele yao na karatasi zangu mkononi. Mwenyekiti wa ushirika, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mwalimu, waja siku ya bamvua, nani atakujibu? Rudi maji yakifa." Yaani siku za maji mafu, bahari isipokupwa mbali.

Nakiandika kisa hiki kwa walimu wenzangu wa vyuo wanaotaka kuziingiza kazi za jamii ndani ya masomo yao. Kijiji kimo Wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa Pemba, na zaidi ya hapo sitaji jina la mahali wala la mtu. Ndilo sharti walilonipa wenyewe waliponiruhusu kusimulia.

Somo lenyewe ni takwimu, krediti 12. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kwa hiyo nilikuwa na saa 120 za kugawa baina ya mihadhara, mazoezi, kujisomea na mitihani. Kwa miaka mingi nilifundisha wastani na mkengeuko sanifu, yaani kiasi vipimo vinavyotawanyika kuuzunguka wastani, kwa mifano ile ile ya vitabuni: urefu wa wanafunzi, gololi nyekundu na nyeupe ndani ya mfuko. Wanafunzi walifaulu. Ukikutana nao baada ya miezi sita ukawauliza mkengeuko ni nini, wanaitafuta fomula, lakini maana yake hawanayo. Jambo hili lilikuwa likiniumiza. Nikaamua saa 40 kati ya zile 120 zihamie pwani.

Hapa lazima nitenganishe mambo ambayo vyuoni kwetu huchanganywa. Fildi tunaijua: mwanafunzi anapelekwa ofisini au skuli akajifunze kazi, na mwenye faida kubwa ni yeye. Kujitolea tunakujua: tunafagia hospitali, tunapanda mikoko, na mwenye faida ni jamii. Kujifunza kwa kuitumikia jamii ni jambo la tatu. Kazi inatokana na haja ya kweli ya watu, kazi hiyo hiyo ndiyo inayobeba mada za somo, na mwanafunzi anakalishwa chini kuitafakari. Wamarekani wawili, Robert Sigmon na William Ramsey, ndio waliolipa jambo hili jina lake la Kiingereza, service-learning, mwaka 1967. Machi ya mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, akitaka skuli isiwe kisiwa kilichojitenga na wanaoilipia. Na miezi michache kabla yake, Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga utumishi wa lazima wa taifa, wakarudishwa makwao. Kwa hiyo fikra hii si ngeni kwetu, wala ugomvi wake si mgeni.

Sigmon aliweka kanuni tatu mwaka 1979. Wanaohudumiwa ndio wenye kauli juu ya huduma wanayopewa. Wanaohudumiwa watoke na uwezo mkubwa zaidi wa kujifanyia mambo na kuwafanyia wengine. Na wanaohudumia nao ni wanafunzi, wana kauli juu ya kile wanachotarajiwa kujifunza. Nilikuwa nimezisoma zote kabla ya kupanda gari siku ile. Nilizinukuu hata kwenye andiko nililolipeleka idarani. Lakini mbele ya mama yule nilitambua kwamba kanuni ya kwanza nilikuwa nimeshaivunja siku niliyopokea ratiba kutoka ofisi ya taaluma bila kuuliza swali.

Tuitazame ratiba hiyo, kwa sababu kosa kubwa zaidi la kisa hiki limo humo.

Chuo kilinipa kila Jumatano, saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Ratiba ya chuo huenda kwa juma, bahari huenda kwa mwezi. Bamvua huja mara mbili kila mwezi wa mwandamo, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi kupevuka, na baina ya bamvua na bamvua ni siku 14 na robo tatu hivi. Katika mwambao wetu siku za bamvua maji hukauka kabisa karibu na saa nne asubuhi, kila siku yakichelewa kiasi cha dakika 50. Kwa maneno mengine, saa zile zile nilizopewa na chuo ndizo saa ambazo bahari inamfungulia mkulima wa mwani shamba lake. Mtu anaweza kusema: basi nenda Jumatano moja, ruka moja. Nami nilifikiri hivyo, mpaka mwanafunzi mmoja akapiga hesabu ubaoni. Wiki mbili ni siku 14, na bamvua halirudi kwa siku 14 kamili. Kila baada ya wiki mbili linasogea mbele kwa robo tatu ya siku. Kwenye muhula wa wiki 15 linasogea zaidi ya siku tano, na Jumatano zilizoanza muhula zikiwa za maji mafu zinaumaliza zikiwa za bamvua. Hakuna ratiba ya juma, hata ya kuruka wiki, itakayowapata wanawake wale barzani muhula mzima.

Na kukosa bamvua ni hasara ya kweli. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, kikaja Pemba, na leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar inatoka Pemba. Wanaolima ni wanawake kwa wingi. Shamba ni safu za vigingi, baina yake kamba, na juu ya kamba vipande vya mwani vimefungwa kimoja kimoja kwa taitai, vikamba vyembamba vya kufungia. Wiki sita hivi baadaye unavunwa, unaanikwa, unauzwa kwa ajili ya karajinani, kile kinachofanya dawa ya meno na vyakula vingi vishikane. Kati ya aina mbili za mwani unaolimwa, iliyostahamili ni spinosamu, yenye bei ndogo. Kotonii, yenye bei nzuri, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imekuwa ikigeuka nyeupe na kukatika kwa joto la maji ya kina kifupi. Kamba iliyokatika bamvua hili na isiyofungwa upya inangoja bamvua lijalo. Kwa hiyo mama aliyekaa na dodoso langu asubuhi moja ya bamvua amepoteza nusu mwezi wa kamba ile.

Tuliporudi ilikuwa Jumamosi, maji yamekufa. Sheha, kiongozi wa serikali pale kijijini, alinishauri niyaache makaratasi garini. Niliona uzito kuyaacha, nilikuwa nimeyaandaa wiki tatu. Yalihusu joto la bahari na kufa kwa kotonii, mada ambayo mimi niliiona kubwa. Wanawake walikuwa wamekaa juu ya mikeka, wengine wanakata taitai huku wanazungumza. Nilipoeleza nia yetu, mmoja akasema bila ukali: "Hayo ya joto tushajazishwa sana. Kila ajaye na karatasi auliza joto."

Mwenyekiti akafungua daftari. Lilikuwa na gamba la buluu, kurasa zimevimba kwa unyevu, na baina ya kurasa punje za chumvi. Safu nne zilizopigwa kwa ubao ulionyooka: idadi ya mapolo (magunia ya mwani), kilo zetu, kilo za tajiri, tofauti. Tajiri ndiye mnunuzi, au wakala wake anayekuja na mizani yake. Safu ya nne haikuwa na sifuri hata moja. Kila mauzo, kilo za tajiri zilikuwa chini. "Twataka kujua hii inakwenda wapi," akasema, kidole juu ya safu ya nne. "Hilo mtaliweza?"

Nilitamani wakati ule kila mwalimu wa takwimu angekuwepo. Ndani ya safu ile moja mlikuwa na nusu ya muhtasari wangu: makosa ya kipimo, kosa la kubahatisha na kosa linaloelemea upande mmoja, vipimo viwiliviwili vya kitu kimoja, wastani wa tofauti, ukubwa wa sampuli. Nisingeweza kulitunga swali hilo ofisini. Wao walikuwa wakilikusanyia data kwa misimu kadhaa, wenyewe, bila kuambiwa na mtu.

Wanafunzi walianza na mizani ya ushirika, ya kuning'inia, yenye springi. Walitaka kuijaribu kwa kitu chenye uzito unaojulikana, na hapo kijijini hakuna jiwe la mizani la kuazima. Ikaamuliwa dumu la lita 20, kwani lita moja ya maji ni kilo moja. Kijana mmoja akalijaza haraka haraka pwani. Bi Mwenyekiti akaonja kidole, akatikisa kichwa. "Maji chumvi mazito, babu. Kateke kisimani." Ni kweli tupu: lita 20 za maji ya bahari zinazidi lita 20 za maji baridi kwa karibu nusu kilo. Yule kijana aliandika kwenye daftari lake la tafakuri jioni ile sentensi ambayo nimeihifadhi kwa idhini yake: kwamba siku hiyo ndipo alipoelewa kuwa kosa la kipimo linaweza kuanza kabla ya mizani kuguswa. Wakalipima dumu tupu dukani, wakalitoa kwenye hesabu, wakapima mara 10. Mizani ya ushirika ilikuwa ikizidisha, kila mara, kwa zaidi ya kilo moja katika 20. Springi imechoka.

Hatua ya pili ikawa kuyapima mapolo 12 kwa mizani ya kuazima, jioni ya kufungashwa, kisha asubuhi ya kuuzwa. Mwani unaoitwa mkavu bado una maji mengi ndani yake, na chumvi iliyomo huvuta unyevu wa hewa au kuuachia. Mapolo 10 yalipungua. Mawili yaliongezeka, na kikundi kizima kikataka kuyatupa nje ya hesabu kama data mbaya. Nikawaambia waende wakayatazame kwanza. Yalikuwa chini ya paa linalovuja.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lilikaribia kuuvunja mradi wote. Wiki ya sita tulikwenda pwani kwa mwaliko, siku ya bamvua, kuwasaidia kuvuna na kuona uzito mbichi. Mwanafunzi mmoja alipiga video mama mmoja anapanda kutoka majini, kanga imemganda mwilini, akaiweka kwenye hali yake ya WhatsApp akiandika maneno ya kusifu bidii ya wanawake wa Pemba. Nia yake haikuwa mbaya. Kabla ya Isha ilikuwa imeshamfikia kaka wa yule mama, Unguja. Bi Mwenyekiti alinipigia usiku. Hakupaza sauti. Alisema: "Tumekupeni mlango, mwalimu. Mmetutoa stara."

Ile video ilifutwa usiku ule ule, lakini kufuta si kuomba radhi. Asubuhi tulikwenda, mimi, kijana na wazazi wake wote wawili, tukapita kwa sheha, sheha akatuchukua na wazee wawili mpaka nyumbani kwa yule mama. Yeye alikuwa nyuma ya pazia la mlango pamoja na mama yake mzazi. Kijana aliomba radhi kwa kinywa chake, sauti inakatika. Kimya kikakaa. Kisha yule mama akajibu mwenyewe, hakumwachia mtu amjibie: "Nimemsamehe. Lakini asije na simu."

Nimelipima kosa lile mara nyingi, na sehemu yangu ni kubwa kuliko ya kijana. Nilikuwa nimefundisha maadili ya utafiti kwa saa mbili, tukajaza fomu za ridhaa. Fomu zilizungumzia mahojiano na majina. Hakuna mahali palipotajwa nguo zilizorowa, wala kwamba pwani wakati wa kazi ni kama uani kwa mtu. Mambo hayo wanafunzi wangu wa Kizanzibari wanayajua tangu utotoni, na mimi nayajua, ila tulipovaa uanachuo tuliyaacha nyumbani tukachukua fomu. John Dewey, mwanafalsafa wa Kimarekani ambaye wanaoandika juu ya elimu ya vitendo hawaachi kumtaja, alisisitiza kwamba si kila uzoefu unaelimisha, mwingine unapotosha. Kijana yule angeweza kurudi chuoni na uzoefu mzuri wa pwani na hati ya ushiriki, asijue kuwa amemuumiza mtu. Tangu siku ile simu zote ziliachwa barzani ndani ya kikapu cha ukili, pamoja na yangu. Sheria hiyo waliitunga wanawake, na ilikuwa bora kuliko fomu yangu.

Majibu yaliwasilishwa wiki ya 12, hapo hapo ghalani. Usiku wa kuamkia siku hiyo wanafunzi waligombana hasa. Wengine walitaka kuficha suala la mizani ya ushirika, wakisema wenyeji watavunjika moyo na tajiri atapata la kusemea. Wengine wakasema hilo ni kuwafanya watoto wadogo. Sikuamua mimi. Niliwauliza tu nani mwenye swali, kwa sababu mwenye swali ndiye mwenye jibu. Aliyewasilisha ni msichana mmoja mpole ambaye darasani hukaa nyuma. Aliacha grafu zake mkobani. Akatundika dumu la maji baridi kwenye mizani ya ushirika, akamwita mama mwenye macho mazuri aje asome. Kisha akalitundika kwenye mizani ya kuazima, akamwita mwengine.

Palikuwa na ukimya mzito. Mama mmoja akasema: "Basi tumemsengenya tajiri bure?" Msichana akajibu si bure yote. Akawapa hesabu kwa kalamu nene juu ya katoni: sehemu kubwa ya tofauti ni springi, sehemu nyengine ni unyevu uliotoka ghalani, lakini ukishazitoa zote mbili bado inabaki karibu kilo moja kwa kila polo, polo kubwa polo dogo, haibadiliki. Kosa la kubahatisha hupanda na kushuka. Hii ilikuwa imekaa pale pale. Ni makato.

Wakala alipokuja walimuuliza hilo moja tu. Akakiri anakata kilo kwa ajili ya polo na mchanga. Wakapima polo tupu mbele yake: halikufika hata robo kilo. Kuhusu mchanga hawakukubaliana. Hadi muhula unamalizika mazungumzo yalikuwa yanaendelea, na sina haki ya kusema tuliwatatulia tatizo lao.

Kwenye alama nilimfuata Jeffrey Howard wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliyeandika mwaka 1993 kwamba krediti hutolewa kwa kujifunza, haitolewi kwa huduma. Aliyebeba mapolo mengi hakupata alama kwa kubeba. Nilisahihisha uchambuzi wa data na madaftari ya tafakuri, yaliyoongozwa na maswali matatu aliyoyaweka mwalimu wa Kimarekani Terry Borton mwaka 1970: nini kimetokea, kina maana gani, sasa tufanye nini. Wanafunzi wengi huandika kurasa tatu kwa swali la kwanza na mistari miwili kwa la pili, na hapo ndipo mwalimu anapohitaji kuwarudisha, mara mbili, mara tatu. Kazi hiyo ilinila muda kuliko mihadhara. Mwenye darasa la watu 150 asijaribu kabla hajapata wasaidizi.

Jambo ambalo sikulifanya, na lilikuwa la lazima, ni kuwapa wanawake wale nafasi ya kupima kazi yetu kwa maandishi au kwa kauli, ikaingia kwenye alama. Niliwauliza maoni mwishoni, kwa adabu, wakanijibu kwa adabu. Mtu uliyemlisha biryani hakwambii wali ulikuwa mbichi. Safari ijayo mwenyekiti na wenzake wawili watakaa na kila kikundi katikati ya muhula, wakati bado kuna la kurekebisha.

Na safari ijayo somo litakwenda kwa mwezi. Nimeandika ombi chuoni: siku sita za Jumamosi na Jumapili zilizochaguliwa kwa kalenda ya mwandamo, zote za maji mafu, na siku moja ya bamvua kwa mwaliko wa wenyewe. Ofisi ya taaluma imesema mfumo wa ratiba haukubali somo lisilo na siku maalumu ya juma. Nimewapelekea hesabu ya yule mwanafunzi, ile ya robo tatu ya siku, pamoja na barua ya sheha. Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, ukiandama nitajua.

Ghalani, dumu lile limebaki. Wamelipiga mstari wa rangi nyekundu penye lita 20, na kila asubuhi ya mauzo hutumwa mtoto kisimani kabla wakala hajashuka garini.